Waziri akisema "asilimia 65", mbunge aulize: asilimia ya nini?

Muuza Mawe, Njoro

Habari zenu wadau. Jambo hili limenikaa moyoni tangu Jumatano, nimeona heri nilimwage hapa, maana najua humu mna watu wa Kisumu, Kakamega na Bungoma ambao nao wana majengo yaliyokwama kama hili.

Kazi yangu ni kuuza mawe na kokoto. Mawe ya Njoro mnayajua, nyumba nyingi za Nakuru zimejengwa nayo. Miaka mitatu iliyopita alinijia mwanakandarasi aliyepewa kazi ya jengo la umma. Ni mradi wa serikali kuu, si wa kaunti. Liko mwendo wa saa moja na zaidi kutoka machimboni. Ni jengo la nini, la wizara gani na liko eneo bunge gani sitasema, na jina la huyo bwana pia nitaliacha, kwa sababu habari ya malipo yangu bado tunaizungumza. Nilimpelekea lori kumi na moja, za mawe ya msingi kwanza, kisha kokoto. Kila lori liliposhusha, mtunza stoo alitia sahihi kwenye kitabu changu cha risiti, kile cha kurasa mbilimbili, nyeupe anabaki nayo yeye na ya manjano nabaki nayo mimi. Zile za manjano kumi na moja ninazo kwenye bahasha hadi leo. Nne wino umeanza kufifia. Nimelipwa lori tatu. Nane bado.

Jengo lilifika kwenye linta, ile zege ya juu ya milango na madirisha, likasimama. Mafundi walikwenda makwao Krismasi na hawakurudi. Mwezi uliopita nilipita pale makusudi. Ndani ya ukumbi mibono imeota mirefu kuniliko, na nondo zilizochomoza juu ya nguzo zimeliwa na kutu, ukizishika kiganja kinabaki chekundu. Kuna mama anayefunga mbuzi wake kwenye mlango ambao haujawahi kupata mlango.

Sasa Jumatano niko hotelini nakunywa chai, runinga iko Bungeni. Mbunge wa eneo lile akasimama. Nilifurahi sana, nikawaomba watu wanyamaze. Akauliza vizuri tu: jengo lilisimama kwa nini, na litakamilika lini. Waziri akafungua faili akasoma. Mradi umefika asilimia 65, umecheleweshwa na ufinyu wa bajeti, utakamilishwa pesa zikipatikana. Mheshimiwa akasema ahsante Bw. Spika, akaketi. Wakaingia swali la mwingine.

Wadau, asilimia 65 ya nini?

Kama ni ya ujenzi, niko tayari kwenda na futi kamba. Hakuna paa, hakuna sakafu, hakuna dirisha hata moja, umeme na maji ndio usiseme. Kuta zenye linta haziwi asilimia 65 ya jengo, fundi yeyote atakwambia. Kama ni ya pesa zilizolipwa, basi pesa zimetangulia kazi, na hilo ndilo lilitakiwa kuulizwa palepale waziri akiwa bado amesimama. Na kama ni ya muda wa mkataba, basi hatujaambiwa chochote. Neno moja lina maana tatu, na waziri anaweza kusimama juu ya yoyote kati ya hizo asihesabiwe kuwa amesema uongo.

Sina ugomvi na mheshimiwa. Aliuliza, na wengi hawaulizi. Ila swali la kwanza waziri huja na jibu lake limeshaandikwa. Swali la pili ndilo asilolijua, na hilo lilikuwa letu likapotea. Naomba mnisaidie kufikiria.

Mama Samaki, Kondele

Pole sana kaka kwa hizo lori nane, nane si mchezo kwa mfanyabiashara.

Lakini niseme ukweli wangu. Mimi nimeacha kutazama hicho kipindi cha maswali Bungeni. Zamani waziri alikuwa pia mbunge, kwao kuna watu wanamngoja na kura zao. Akijibu ovyo kuhusu barabara ya Ahero, kuna mtu wa Ahero atamkumbusha uchaguzi ukifika. Leo waziri hachaguliwi na mtu. Anamwogopa aliyemteua peke yake. Hata ukiuliza swali la pili na la kumi, atasoma karatasi, atasema "nitalifuatilia", atapanda gari. Tunapoteza wakati. Heri tubanane na mwakilishi wadi ambaye namkuta sokoni akinunua mbuta kama mimi.

Karani wa Vitabu, Nakuru mjini

Mama, hilo la kuchaguliwa umesema kweli kabisa. Kifungu cha 152 cha Katiba ya 2010 kilimtoa mbunge kwenye baraza la mawaziri, na kutoka 2013 mawaziri walikuwa wakienda mbele ya kamati tu. Ni mwishoni mwa 2022 ndipo Kanuni za Kudumu za Bunge zilibadilishwa, na kutoka 2023 wakaanza kusimama mbele ya Bunge zima kujibu. Kwa hiyo hiki kipindi cha sasa ni kichanga, wabunge wengi hawajajifunza kukitumia.

Lakini si kwamba hawana cha kuogopa. Kifungu cha 125 kinalipa Bunge na kamati zake nguvu ya kumwita mtu yeyote na kudai hati, nguvu sawa na za Mahakama Kuu. Na kuna kifungu ambacho natamani kila mtu akijue, cha 226, aya ya tano: mwenye ofisi ya umma akiidhinisha pesa zitumike kinyume cha sheria, hasara ni juu yake yeye mwenyewe, awe bado yuko ofisini au ameshaondoka. Si juu ya wizara. Juu yake na mfuko wake. Ndiyo maana majibu ya mawaziri hayana majina ya watu. Utasikia "imecheleweshwa", "ilibainika", "itashughulikiwa". Mbunge akiuliza afisa yupi aliidhinisha malipo ya mwisho, na tarehe gani, hewa ukumbini inabadilika.

Muuza Mawe, mimi kazi yangu ni vitabu vya hesabu vya wanakandarasi wadogo, kwa hiyo nikueleze pesa inavyotembea kwenye jengo kama hilo. Mkataba ukitiwa sahihi, mara nyingi mwanakandarasi hupewa malipo ya awali ili aingie kazini, na huwa yana dhamana ya benki, yaani benki inaahidi kurudisha pesa hizo akishindwa. Halafu kazi ikiendelea, mhandisi wa mradi anakuja kupima: msingi umefika hapa, kuta zimefika pale. Anaandika cheti cha kazi iliyopimwa, na ni hicho cheti kinachokwenda wizarani kulipwa. Kwa hiyo kwenye faili moja kuna hesabu mbili zinazotembea sambamba, ya kazi iliyopimwa na ya pesa iliyolipwa. Zikikaribiana, mradi una afya. Ya pesa ikiikimbia ya kazi, kuna maswali. Na ya kazi ikiikimbia ya pesa, huyo mwanakandarasi wako huenda anasema kweli kwamba serikali haijamlipa, na wewe uko mkiani mwa deni lake.

Hapo hujui uko wapi mpaka uone hesabu zote mbili.

Na hili la "ufinyu wa bajeti" lisipite bure. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1 unaishia Juni 30. Bunge lilipitisha kiasi fulani kwa mradi huo, kimeandikwa. Kama kilipitishwa na hakikutolewa, Hazina ya Kitaifa ijibu. Kama kilitolewa kikahamishiwa kwingine kwenye bajeti ya ziada, wabunge wenyewe ndio walioinua mikono, na mheshimiwa ajiulize alikuwa wapi siku hiyo. Pia kuna kifungu cha 223, kinachoruhusu serikali itumie pesa ambazo Bunge halijaidhinisha na kuja kuomba kibali ndani ya miezi miwili, mradi zisizidi asilimia kumi ya zilizoidhinishwa. Mlango huo uliwekwa kwa ajili ya dharura. Ukiona miradi iliyoidhinishwa inakosa pesa na huku mambo ambayo hayakuwa kwenye bajeti yanalipwa kupitia huko, hapo pana swali la mbunge.

Mwalimu Mstaafu, Butere

Wanangu, nimesoma kwa makini. Mama Samaki anasema kuuliza ni kupoteza wakati. Niruhusuni mzee niseme kidogo, maana huku Butere swali la bungeni lina historia yake.

Mbunge wetu alikuwa Martin Shikuku. Oktoba 1975 alisema Bungeni kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama walivyoiua KANU, chama kilichotawala wakati huo. Wakamtaka athibitishe. Aliyekuwa kwenye kiti siku ile ni Naibu Spika Jean-Marie Seroney, mbunge wa Tinderet, naye akasema jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye wote wawili walikamatwa, wakawekwa kizuizini bila kushtakiwa hadi Desemba 1978. Mwaka huohuo wa 1975, mapema, mbunge J.M. Kariuki alikuwa ameuawa, na aliyeongoza kamati ya Bunge iliyochunguza kifo hicho alikuwa mtu wa Bungoma, Elijah Mwangale.

Kisha kuna George Anyona wa Kitutu Mashariki, huko Kisii. Huyu ndiye anayehusu uzi wenu hasa. Mwaka 1977 alikuwa akifuatilia Bungeni habari ya zabuni ya mabehewa ya reli. Hayo ni matumizi ya pesa za umma, hakuna zaidi. Akatiwa kizuizini.

Nilikuwa kijana wa shule. Nakumbuka baba yangu na wenzake wakiizungumza habari hiyo usiku, redio imezimwa, mlango umefungwa, na mtoto akiingia wanabadilisha mazungumzo yanakuwa ya ng'ombe. Sikuelewa kwa nini mabehewa yafanye watu wazima wanong'one. Nimeelewa nikiwa mtu mzima. Swali linalotaja bei, kampuni na tarehe liliwatisha wakubwa kuliko hotuba ndefu ya kulaani serikali.

Leo mbunge analindwa, hakuna wa kumfunga kwa kuuliza. Ndiyo maana inaniuma nikimwona anasema ahsante na kuketi. Wenzake walilipa kwa miaka ya maisha yao ili yeye apate zile dakika chache.

Mkulima wa miwa, Bungoma

Shikamoo Mwalimu. Kwangu jibu ni lilelile kila mwaka, "wakulima watalipwa hivi karibuni". Nimepeleka miwa kiwandani, sitakitaja, nikangoja mpaka mtoto akarudishwa nyumbani kwa karo. Hakuna mbunge aliyewahi kumuuliza waziri hivi karibuni ni tarehe ngapi. Tarehe tu.

Kijana wa Molo

Mnazungumza jengo moja, njooni huku mtazame bwawa. Itare, kule Kuresoi, lilizinduliwa 2017. Lilikuwa la kutuletea maji sisi wa Molo, Njoro, Rongai hadi Nakuru mjini. 2018 kazi ikasimama, kampuni ya Kiitaliano iliyopewa mradi ilipoingia kwenye matatizo ya pesa huko kwao. Tangu hapo tumeahidiwa kufufuliwa kwa mradi mara sijui ngapi. Mama yangu bado ananunua maji ya mkokoteni kiangazi.

Kilichonifundisha kitu ni mabwawa ya wenzetu wa Elgeyo Marakwet, Arror na Kimwarer. 2019 aliyekuwa Waziri wa Fedha alishtakiwa pamoja na wengine. Watu walishangilia mitaani. Desemba 2023 mahakama ikawaachilia kwa kukosa ushahidi. Mabwawa hayapo. Sisemi nani alikosa, mahakama imeshaamua. Nasema tu wakati wa kuuliza ni pale malipo ya awali yanapotoka, mhandisi hata hajapiga kambi. Ukingoja mpaka kesi, unauliza kaburi.

Muuza Mawe, Njoro

Mwalimu, shikamoo, na ahsante. Nilisoma maneno yako mara mbili. Na Karani, ahsante kwa kunisaidia kuandika barua nilipokupigia simu.

Niwaeleze tulichofanya, labda kitamfaa mtu. Kuna Sheria ya Kupata Habari ya 2016, inayotekeleza kifungu cha 35 cha Katiba. Kila Mkenya ana haki ya kuomba habari iliyo mikononi mwa serikali. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, hulipi kitu kulipeleka, na ofisi ina siku 21 za kujibu. Nililiandika kwa Kiswahili kwa mkono wangu. Sikuomba maelezo. Niliomba vitu vinne tu: thamani ya mkataba, jumla iliyolipwa mpaka sasa na tarehe ya kila malipo, cheti cha mwisho cha kazi iliyopimwa, na jina la ofisi iliyotia sahihi. Karani aliniambia nisiweke lawama hata neno moja, nikafuta aya nzima niliyokuwa naipenda. Nikaituma barua wizarani kwa posta ya rejista, kile kikaratasi cha posta nikakitia ndani ya bahasha ya zile risiti.

Siku ya 21 ikapita kimya. Nikajiandaa kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, wale tunaowaita Ombudsman, wana ofisi Kisumu. Mama Samaki alikuwa ameniahidi pa kulala na mbuta juu yake. Sikufika huko, kwa sababu siku ya 26 jibu lilikuja. Ukurasa mmoja.

Wadau, ile 65 ni ya pesa. Ni sehemu ya thamani ya mkataba iliyokwisha kulipwa, malipo ya awali yakiwemo. Kazi iliyopimwa kwenye cheti cha mwisho ni asilimia 41. Waziri hakudanganya. Alichagua hesabu moja kati ya mbili akaisoma kwa sauti, na hakuna aliyemuuliza ya pili.

Nilikaa na karatasi hiyo juu ya tofali nje ya duka nikashindwa kuinuka. Miaka mitatu nimeambiwa "serikali haijanilipa". Amelipwa. Amelipwa kuliko kazi aliyofanya, na sehemu ya kazi hiyo ni mawe yangu.

Mama Samaki, Kondele

Kaka, nimekosa la kusema. Nilisema kuuliza ni kupoteza wakati. Hilo nalirudisha nusu. Nusu nyingine naiweka mpaka nione mbunge amefanya nini na hiyo karatasi, maana wewe umefanya kazi yake.

Karani wa Vitabu, Nakuru mjini

Tusikimbilie kumhukumu mwanakandarasi, wala afisa. Malipo ya awali yanaweza kueleza sehemu ya tofauti hiyo, ndiyo kawaida yake, hukatwa polepole kwenye vyeti vinavyofuata. Lakini kazi ikisimama lazima mtu aulize dhamana ya benki iko wapi, bado ni hai au iliachwa ikaisha muda. Ikiwa iliachwa ikaisha, nani alikuwa na jukumu la kuihuisha? Hilo ndilo swali ninalotaka mheshimiwa abebe. Waziri hatakuwa nalo kwenye faili. Atalazimika kuahidi kulileta kwa maandishi, na ahadi hiyo itaandikwa kwenye Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, kisha kamati inaweza kumdai.

Na nakala moja iende kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali. Kifungu cha 229 kinamtaka aseme kama pesa zilitumika kihalali na kwa namna iliyoleta faida. Akiandika hata aya mbili kuhusu jengo hilo, Kamati ya Uhasibu wa Pesa za Umma italazimika kumwita Katibu wa Wizara, ambaye kwa kawaida ndiye mwenye dhamana ya pesa hizo.

Mwalimu Mstaafu, Butere

Mkiandika swali, liandikeni kwa Kiswahili, naye mheshimiwa aliulize kwa Kiswahili. Ni lugha ya Bunge tangu 1974, na Katiba imelitia muhuri hilo katika kifungu cha 120. Yule mama wa mbuzi naye alisikie.

Muuza Mawe, Njoro

Tumeliandika hivi, Mwalimu, nisahihishie: "Je, Waziri anaweza kueleza kwa nini asilimia 65 ya thamani ya mkataba imelipwa ilhali kazi iliyopimwa ni asilimia 41, dhamana ya malipo ya awali inaisha tarehe gani, na ni ofisi gani yenye jukumu la kuihuisha, na wasambazaji ambao hawajalipwa wamewekewa utaratibu gani?"

Hilo la mwisho niliongeza mimi. Nimegundua siko peke yangu. Kuna jamaa wa mbao kutoka Elburgon anadai, na mwenye mabomba wa Nakuru, na wale vijana wa kuchanganya zege ambao hawana hata risiti ya manjano.

Nilikwenda kwenye ofisi ya mbunge juzi. Msaidizi wake alisoma ile karatasi ya wizara akiwa amesimama, kisha akavuta kiti akaisoma tena. Akasema swali litakwenda kwa Karani wa Bunge wiki hii, na akaomba nakala za risiti zangu zote kumi na moja. Zile nne zilizofifia mashine haikuzisoma vizuri. Leo jioni nimezipeleka dukani kwa kijana wa picha, amezipiga akiziwekea taa kutoka nyuma, na sahihi ya mtunza stoo imeonekana kwenye tatu. Ya nne tarehe tu ndiyo inayosomeka. Nitazipeleka zote kesho saa mbili asubuhi, na hiyo ya nne ikiwemo.